UZI: Melanoma ya unyayo inayoibukia kwenye mfuko wa nyongo. Watu wa Mombasa, tafadhali someni

#1 MpigaPicha_Tudor (mwenye uzi)

Assalaam alaykum na hamjambo nyote. Kazi yangu ni kupiga picha za altrasaundi hapa Mombasa, na matumbo niliyoyapaka ile jeli ni ya watu wa kila mtaa, tangu Mtwapa hadi Likoni. Leo nataka tuzungumze kuhusu saratani ambayo huku kwetu haitajwi sana, melanoma, na tabia yake ya kwenda kuota mahali ambapo hakuna aliyeitazamia. Nitakaa zaidi kwenye mfuko wa nyongo kwa sababu ndio ninaouangalia kila siku. Tena huniuma kumwona mtu ananilalia kitandani, kaandikiwa "mawe ya nyongo?", na hakuna aliyemuuliza kama amewahi kukatwa doa jeusi mguuni.

Kwanza melanoma yenyewe. Ni saratani ya zile seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Wengi tumeisikia kama ugonjwa wa Wazungu wanaoota jua ufuoni, na kweli wao huipata zaidi yetu kwa mbali sana. Lakini sisi weusi tunayo ya kwetu: hupenda unyayo, kiganja na chini ya ukucha, hasa wa kidole gumba. Sehemu hizo jua halizifikii sana, kwa hiyo mtu asijipe moyo kwamba yeye si wa kuota jua. Bob Marley yake ilianza chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu wa kulia. Mwanzoni ilidhaniwa ni jeraha la mpira. Ilitambuliwa mwaka 1977, na alipofariki Miami tarehe 11 Mei 1981, na miaka 36 tu, ilikuwa imeshafika mapafuni, kwenye ini na ubongoni.

Mbona hutembea hivi? Seli za rangi hazianzii ngozini. Mtoto akiwa tumboni mwa mamake, huanzia kando ya pale uti wa mgongo unapojengwa, kisha husafiri mwilini kutafuta makao: kwenye ngozi, ndani ya jicho, kwenye utando wa kinywa na pua, hata kwenye ngozi laini inayoufunika ubongo. Wataalamu wengi wanaona kwamba seli hizo zikigeuka saratani, ule uwezo wa kusafiri wa tangu utotoni huamka tena. Zina njia mbili. Ya kwanza ni mishipa ya limfu, ndiyo maana doa la mguuni huja na mtoki usioisha. Ya pili ni damu, na damu haina mahali isipofika.

Mwaka 1889 daktari wa Uingereza, Stephen Paget, aliandika kuhusu wanawake waliokufa kwa saratani ya matiti. Alisema seli za saratani ni mbegu zinazorushwa kila upande, lakini huota tu pale udongo unapozikubali. Kwa melanoma, udongo unaoikubali ni mwingi kupita kiasi. Ngozi, tezi, mapafu, ini, ubongo na mifupa ndiko inakojulikana. Lakini wataalamu wakipasua maiti za waliokufa kwa ugonjwa huu huikuta kwenye moyo, wengu, kongosho, tezi za juu ya figo, utumbo mwembamba. Na kwenye mfuko wa nyongo, takriban asilimia 15 hadi 20 yao. Tena katika ripoti za nchi za Magharibi, ukikusanya saratani zote zilizotoka kwingine zikaja kutua kwenye mfuko huo, melanoma peke yake ni zaidi ya nusu. (Asia ya Mashariki ni tofauti, huko saratani ya tumbo ndiyo inayoongoza.)

Kwa nini basi hatuisikii? Kwa sababu wengi wao huwa hawaumwi chochote hapo. Seli hufika kwa mshipa mdogo wa damu unaoulisha mfuko, zikanasa chini ya utando wa ndani, zikaota kivimbe bapa, kisha kikakua na kuning'inia ndani ya nyongo. Kikiziba njia ya kutokea, au kikivuja damu, ndipo mtu hushikwa na maumivu chini ya mbavu za kulia, hutapika, pengine macho yakawa manjano. Dalili ni zilezile za mawe. Na mawe ni mengi, melanoma ni chache, kwa hiyo kila mtu hufikiria mawe.

Kwenye skrini yangu tofauti ni hii. Jiwe linang'aa, linatupa kivuli nyuma yake, na nikimgeuza mgonjwa alalie ubavu linabingirika. Kivimbe cha melanoma kimeshikamana na ukuta, hakisogei, hakitupi kivuli, na nikiwasha Dopla naona damu inapita ndani yake. Kuna pia vipolipu vya mafuta, vidogo vidogo, mara nyingi vingi kwa pamoja, ambavyo havina neno. Kikizidi sentimita 1 hakuna anayekipuuza. Lakini kwa mtu aliyewahi kuwa na melanoma hata kidogo zaidi ya hapo nakiandika kwa herufi kubwa na kumpigia simu daktari wake.

Hapo ndipo ninapotaka tufike. Mimi sitajua kwamba uliwahi kuwa na melanoma usiponiambia. Karatasi ya rufaa ina mstari mmoja tu. Doa lililokatwa miaka 10 iliyopita, kidole kilichoondolewa, ukucha uliong'olewa ukapelekwa maabara: yaseme yote, kila unapopigwa picha, hata kama yaliyokuleta ni tumbo.

Karibuni kwa maswali.

#2 Nahodha_Mtongwe

Shukran sana dada. Sisi wavuvi maisha yetu yote ni peku. Leo umechomwa na mwiba wa samaki, kesho umekatwa na chaza, keshokutwa umekanyaga jumu wa baharini mwenye miiba. Nyayo zetu zina madoa kila rangi. Tutajuaje lipi ni lipi? Na je, hayo majeraha ndiyo yanayoleta?

#3 MpigaPicha_Tudor

@Nahodha_Mtongwe, kaka, umeuliza swali ambalo hata watafiti bado wanabishana. Wapo walioona kwamba melanoma ya unyayo hupenda pale mtu anapoegemeza uzito, kisiginoni na mbele ya unyayo, wakashuku kwamba msuguano na majeraha ya mara kwa mara yanachangia. Haijathibitishwa, na siwezi kukwambia uache bahari.

Jinsi ya kutofautisha: weusi wa damu iliyovilia husogea kadiri ngozi au ukucha unavyokua, halafu huisha. Miba ya jumu huacha nukta, nazo hupotea. Doa la kuogopa linabaki palepale na kutanuka, kingo zake hazilingani, rangi imechanganyika kahawia na nyeusi, pengine kuna sehemu nyekundu au iliyopauka. Baadaye linapasuka na kuwa kidonda kisichokubali kufunga. Kidonda cha unyayo cha miezi, kilichofungwa na kufunguliwa bandeji, hasa kikiwa na weusi pembeni, kikatwe kinyama kikapimwe. Huku kwetu vidonda vingi vya mguu huhesabiwa ni vya sukari, na vingi ni vya sukari kweli. Lakini wenye sukari nao hupata melanoma.

#4 ShangaziKibokoni

Mwanangu Mungu akuzidishie. Mimi nina swali la wanawake. Hapa Mji wa Kale hakuna harusi bila hina na piko. Nyayo na kucha ni nyeusi mwezi mzima, ikianza kutoka, ishafika harusi nyingine. Je, si ndiyo kujificha kwenyewe huko?

#5 MpigaPicha_Tudor

Shikamoo shangazi. Umelisema jambo ambalo halimo kwenye vitabu nilivyosomea, na ni la kweli kabisa. Hina haileti melanoma, lakini inaifunika. Ombi langu kwa kina mama na kina dada: kabla ya kupakwa, hina ya zamani ikiwa imetoka, mtazamane nyayo na kucha. Na nyie wapaka hina mnaosoma hapa, nyinyi mnashika miguu ya wanawake wa Mombasa kuliko daktari yeyote. Ukiona doa ambalo mara ya mwisho halikuwepo, mwambie mwenyewe kwa siri aende hospitali.

Kuhusu kucha: sisi weusi wengi tuna mistari myeusi kwenye kucha kadhaa na ni ya kawaida. Wasiwasi uje ukiona mstari mpya kwa mtu mzima, kwenye ukucha mmoja tu, unaopanuka ukapita milimita 3, au weusi umetoka kwenye ukucha ukaingia kwenye ngozi inayouzunguka. Huo wa kuingia kwenye ngozi usisubiri harusi ipite.

#6 Mpwa_Makupa

Salaam. Nimeusoma uzi huu mara mbili na mikono inatetemeka. Amiangu alikuwa baharia. Miaka kadhaa nyuma alikatwa kidole gumba cha mguu wa kushoto, tukaambiwa ni "uvimbe mbaya lakini umetoka wote". Akapona, akarudi kwenye shughuli zake, akaacha kwenda kliniki kwa sababu hakuumwa. Mwaka huu kaanza kuumwa ubavu wa kulia baada ya kula. Kituo cha kwanza wakampa dawa za vidonda vya tumbo. Cha pili wakampiga picha, ripoti inasema "kipolipu cha nyongo, milimita 18, pamoja na mawe madogo", na kapangiwa kutolewa mfuko wa nyongo. Kidole hakuna aliyekiuliza, na ami mwenyewe hakuona kinahusika vipi. Dada, hiki kinaweza kuwa ndicho?

#7 MpigaPicha_Tudor

@Mpwa_Makupa, pole sana ndugu yangu. Kwa maandishi siwezi kusema ndicho. Kipolipu cha milimita 18 kinaweza kuwa cha aina nyingine, hata saratani iliyoanzia hapohapo kwenye mfuko. Lakini historia hiyo inabadilisha mambo kabla ya upasuaji, si baada. Fanya haya wiki hii:

Tafuta ripoti ya maabara ya kile kidole. Kama karatasi imepotea, nenda pale ilipopimwa na tarehe na jina lake. Maabara za patholojia huhifadhi vipande kwenye nta kwa miaka mingi, na vinaweza kukatwa tena na kuangaliwa upya. Ripoti itasema kama ilikuwa melanoma na unene wake ulikuwa milimita ngapi. Unene ndio unaosema hatari, tangu Alexander Breslow alipouonyesha mwaka 1970.

Kisha mpeleke kwa daktari wa upasuaji kabla ya siku aliyopangiwa, na umwambie mbele ya ami mwenyewe: "Huyu alikatwa kidole kwa uvimbe." Atataka picha za CT za kifua, tumbo na nyonga, na picha ya MRI ya kichwa. Hakuna haja ya kukimbilia kutoa mfuko kama ugonjwa uko pia mahali pengine. Na kama uko hapo tu, upasuaji wenyewe utapangwa kwa namna nyingine.

#8 Kijana_wa_Bamburi

Mimi naomba niseme ukweli wa mtaani. Saratani ukiigusa kwa kisu inasambaa. Babangu mdogo alikatwa kinyama, haikupita miezi akafa. Ami aachwe atumie miti, kuna mzee Kaloleni ana dawa ya kupaka inang'oa uvimbe na mizizi yake.

#9 Maabara_Kizingo

@Kijana_wa_Bamburi pole kwa msiba wa babako mdogo. Mimi nafanya kazi ya patholojia, kwa hiyo hivyo vinyama vinaletwa mezani kwangu, na nakujibu kwa heshima. Wengi huja wakati ugonjwa umeshasambaa tayari, anakatwa kinyama, halafu anafariki kwa kile ambacho kilikuwepo kabla ya kisu. Watu huhesabu kuanzia siku ya kisu. Melanoma ya ngozi ikitolewa yote ingali nyembamba, chini ya milimita 1, wagonjwa wengi sana hupona moja kwa moja. Kwa saratani hii, kisu cha mapema humsaidia mgonjwa sana.

Hizo dawa za kupaka zinazochoma, nimeshaona matokeo yake. Ngozi ya juu inaungua na kufunga kovu zuri, mgonjwa anafurahi, na chini ya kovu ugonjwa unaendelea. Mbaya zaidi, hakuna kilichofika maabara, kwa hiyo miaka 5 baadaye akija na uvimbe kwenye ini au nyongo, hakuna anayejua ulikotoka.

Na hapa niongeze langu kwa mwenye uzi. Mfuko wa nyongo ukitolewa, LAZIMA uje maabara. Kuna mahali mgonjwa huonyeshwa mawe yake kwenye kichupa, anapiga picha, anapeleka nyumbani, na mfuko wenyewe unaenda kwenye taka. Familia, ulizeni kabla ya upasuaji: "Utapelekwa maabara gani, na matokeo tutapata lini?" Ni haki yenu.

Watu wanadhani melanoma tutaijua tu kwa weusi wake. Nyingine hazina rangi kabisa. Chini ya hadubini zinaweza kufanana na saratani yoyote. Ndiyo maana tunatumia rangi maalumu zinazoshika protini za seli hizi: S-100, HMB-45, Melan-A, SOX10. Lakini rangi hizo zina gharama, haziwekwi kwa kila kinyama. Nikiandikiwa tu "mfuko wa nyongo, mawe" sina sababu ya kuziagiza. Nikiandikiwa "alikatwa kidole kwa melanoma" naziagiza siku hiyohiyo.

#10 Mama_Zai

Samahani natoka kidogo nje ya mada. Mwanangu ana ualbino, tunakaa Kisauni. Huyu si ndiye aliye hatarini zaidi na melanoma?

#11 Maabara_Kizingo

Mama Zai, hujatoka nje ya mada. Kwa watoto wetu wenye ualbino, jua ni adui kweli na saratani ya ngozi huwapata mapema, lakini mara nyingi huwa ni za aina nyingine, zile za seli za juu za ngozi. Melanoma kwao ni nadra, na ikitokea huwa haina rangi, ndiyo maana hupita bila kutambuliwa. Kofia pana, mikono mirefu, losheni ya kukinga jua, na ngozi iangaliwe na mtaalamu mara kwa mara. Kidonda au kigaga chochote usoni au masikioni kisichopona kwa wiki chache, mpeleke.

#12 Mkunga_Changamwe

Niongezee sehemu nyingine ambayo watu hawaidhanii: kondo la nyuma. Saratani kufika huko ni nadra sana, lakini inapotokea, melanoma ndiyo inayoongoza, na wakati mwingine huvuka hata kwa mtoto. Mama mjamzito aliyewahi kutibiwa melanoma amwambie mkunga wake mapema, ili akijifungua kondo lipelekwe maabara. Huku kwetu wapo wanaotaka kulizika kondo nyumbani kama desturi, nasi tunaiheshimu. Likipimwa kwanza, kuna mengi ya kujua.

#13 Nahodha_Mtongwe

Subhanallah. Na huo utumbo mwembamba uliotajwa juu, dalili zake ni zipi? Nauliza kwa sababu nina jamaa anayeishiwa damu kila mara na hawaoni sababu.

#14 MpigaPicha_Tudor

Kaka, kuishiwa damu kuna sababu nyingi sana, minyoo na vidonda vya tumbo ni za mbele, kwa hiyo jamaa yako asifikirie haya kwanza. Lakini kwa aliyewahi kuwa na melanoma, kuishiwa damu bila sababu, choo cheusi kama lami, au tumbo linalokaza na kuachia, utumbo unapaswa kuangaliwa. Katika sehemu zote za njia ya chakula, utumbo mwembamba ndio melanoma inaoupenda zaidi. Huota uvimbe unaovuja damu polepole, au utumbo huvutwa ukaingia ndani ya utumbo mwenzake na kuziba. Kamera ya mpira inayoingizwa kupitia kinywa huishia juu, ile ya kupitia nyuma huishia kwenye utumbo mpana, na katikati ndimo unamojificha. Kwenye maiti huonekana mara nyingi mno kuliko inavyogunduliwa kwa walio hai.

Na melanoma ya jicho ina tabia yake peke yake. Ndani ya jicho hakuna mishipa ya limfu, kwa hiyo ikitoka hutoka kwa damu, na karibu kila mara huenda kwenye ini, wakati mwingine miaka mingi baada ya jicho kutibiwa. Mtu mwenye jicho la bandia na ini lenye uvimbe, swali la kwanza liwe: jicho lilitolewa kwa nini?

#15 Mpwa_Makupa

Narudi na habari. Ripoti ya kidole tumeipata, ilikuwa kwenye bahasha ya mamangu mdogo pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Imeandikwa melanoma, milimita 4.2. Hakuna kati yetu aliyewahi kuambiwa neno hilo. Daktari wa upasuaji alipoiona alinyamaza, akasema "vizuri mmekuja nayo", akaahirisha. CT imeonyesha kile kivimbe cha nyongo, na kingine kidogo kwenye utumbo mwembamba. Ini na mapafu safi, kichwa safi, alhamdulillahi. Wametoa mfuko na kile kipande cha utumbo kwa pamoja. Leo matokeo: vyote viwili ni melanoma.

Ami kauliza jambo moja tu: "Kidole kilikatwa, sasa hii imetoka wapi?" Sikuwa na jibu la kumpa.

#16 MpigaPicha_Tudor

Poleni sana, nyote nyumbani. Mwambie ami hivi: kabla kidole hakijakatwa, seli chache zilikuwa zimeshaondoka. Milimita 4 ni nene, na unene huo hupata muda wa kufika kwenye mishipa. Zilikaa kimya mwilini. Melanoma inaweza kulala miaka 10 na zaidi kabla ya kuamka. Hakula kitu kibaya, hakufanya kosa lolote, wala kidole hakikukatwa bure. Bila kukikata asingefika alipofika.

Ugonjwa ukifika kwenye nyongo au utumbo, madaktari huuweka hatua ya 4, na miaka ya nyuma hapo watu walikuwa wakiambiwa waage. Watakaosoma mitandaoni watakutana na maandishi ya zamani yenye miezi michache michache. Msiyachukue kama ya leo. Mwaka 2011 Marekani iliidhinisha dawa ya ipilimumabu, na 2014 zikafuata pembrolizumabu na nivolumabu. Hazichomi saratani kama kemo. Zinaondoa breki za kinga ya mwili ambazo saratani huzitumia kuizuia, kinga ikaamka na kupigana yenyewe. Waliogundua breki hizo, James Allison na Tasuku Honjo, walipewa Nobeli mwaka 2018. Katika utafiti mmoja mkubwa wa waliopewa ipilimumabu na nivolumabu pamoja, asilimia 43 walikuwa hai baada ya miaka 10. Na wengi wao walikuwa hatua ya 4! Hilo halikuwahi kuonekana.

Nisimdanganye ami pia. Melanoma za unyayo na kucha huitikia dawa hizo kwa kiasi kidogo kuliko za ngozi iliyochomwa na jua. Lakini zipo zinazoitikia, na kwa ugonjwa mdogo uliotolewa wote kama wake, kuna sababu ya kupigania. Ombeni kinyama kipimwe jeni za BRAF na KIT. Karibu nusu ya melanoma za ngozi za Wazungu zina hitilafu ya BRAF na kuna vidonge vyake. Kwa za unyayo ni chache zaidi, lakini baadhi zina hitilafu ya KIT, nayo ina vidonge.

#17 Kijana_wa_Bamburi

Mpwa, poleni sana na Mungu amponye ami. Nimesoma jibu la mtu wa maabara na nimempelekea mamangu, ana kidoa kwenye kiganja tangu mwaka jana. Jumatano tunaenda hospitali ya Makadara.

Lakini tuseme kuhusu pesa. Hizo dawa ni za watu gani?

#18 Maabara_Kizingo

Safi sana kwa mama, na mwende mapema asubuhi. Pesa ni swali la haki. Dawa hizi ni ghali sana na nitakuwa nakosea nikisema vingine. Hutolewa kwa dripu, pembrolizumabu kila wiki 3 au kila 6 kwa dozi kubwa, na kila dripu ni mzigo. Tangu SHA, bima ya afya ya serikali, ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kuna fungu la saratani kwa kila familia lenye kikomo cha mwaka. Nendeni kwa afisa wa SHA hospitalini KABLA ya dripu ya kwanza, muulize kikomo kilichobaki, na muulize kama picha na kemo zinakatwa humohumo. Muulizeni pia daktari wa saratani kuhusu mpango wa kampuni ya dawa wa kuwapunguzia wagonjwa, na kama kuna utafiti unaoandikisha Nairobi. Kufuata mambo haya kunachosha mgonjwa, kwa hiyo familia ichague mtu mmoja wa kubeba makaratasi. Mpwa, naona ni wewe.

Na madhara yake myajue. Kinga ikiamka inaweza kuushambulia mwili wenyewe: kuhara sana, kukohoa na kukosa pumzi, macho kuwa manjano, uchovu usio wa kawaida. Asiambiwe "ni kawaida ya dawa". Apelekwe siku hiyohiyo, kwa sababu madhara hayo yakishikwa mapema yanatulizwa.

#19 ShangaziKibokoni

Tumemwombea ami yako leo baada ya Magharibi. Na mimi nimewakagua miguu na kucha wajukuu wote na mama zao. Mmoja ana mstari kwenye ukucha wa mkono, ni mmoja tu. Ana miaka 9.

#20 MpigaPicha_Tudor

Shangazi, kwa mtoto wa miaka 9 mstari mmoja mara nyingi sana ni wa heri. Mpigeni picha ukucha huo leo na rula ndogo kando yake, mrudie baada ya miezi 3 mkalinganishe, na mkiwa mnapita kliniki ya ngozi aonyeshwe. Msimtie hofu.

@Mpwa_Makupa, ami akianza dawa atapigwa CT kila baada ya miezi kadhaa. Nyie wa damu yake nanyi mkaguliwe ngozi, ingawa hii ya unyayo hairithiwi mara nyingi. Ile bahasha ya mamako mdogo ipigwe picha kila karatasi, ziwekwe kwenye simu tatu tofauti za familia, pamoja na ripoti mpya ya nyongo na utumbo. Kisha muandikie ami kwenye kadi moja ya mfukoni: melanoma ya kidole gumba cha kushoto, milimita 4.2, mwaka iliyokatwa, mfuko wa nyongo na utumbo, mwaka huu, jina la dawa anayopewa. Aitoe hata akienda kung'oa jino.